Kikundi cha Ukoo: Nyonga ya Idi

Shangazi Zuhura: Wanangu, Idi katuma majibu ya picha kutoka Leicester. Pembe ya alfa 68, nafasi ya maungio milimita 4, labramu, ule ukingo laini unaozunguka kikombe cha nyonga, imechanika. Wanataka kumfanyia ule upasuaji wa matundu, wa vitundu vidogo na kamera. Nauliza moja tu: miaka kumi mbele itakuwaje?

Hamisi Fizio: Shikamoo shangazi. Hiyo 4 ndiyo ya kuishika. Ni gegedu iliyobaki, lile tandiko laini kati ya mifupa. Ikishafika 2 au chini, matundu hayasaidii sana, nyonga bandia inakuja tu.

Shangazi Zuhura: Marahaba. Na hiyo 68?

Neema Theatre: Shikamoo shangazi. Kichwa cha fupa la paja kinatakiwa kiwe duara, halafu shingo ibonyee kama kiuno. Ya Idi haina kiuno, ina nundu. Akikunja goti kuelekea kifuani, nundu inaingia kwenye kikombe, pale kichwa kinapokaa, na kukwangua gegedu ukingoni. Wengi huhesabu tatizo kuanzia 55 au 60.

Mjomba Rashidi: Andy Murray, yule wa tenisi, si alifanyiwa huo wa matundu Melbourne Januari 2018? Mwaka mmoja baadaye yuko London anavishwa chuma 🤔

Hamisi Fizio: Kweli mjomba. Ukikwangua nundu gegedu imeshaisha, umechelewa.

Neema Theatre: Wagonjwa wa Philippon, daktari wa upasuaji wa nyonga kule Colorado, ripoti ya 2017: ndani ya miaka 10 kama theluthi walishawekewa nyonga bandia. Waliofika huko zaidi ni wenye umri mkubwa, wenye nafasi ya 2 kushuka, na waliotobolewa mfupa wa kikombe kwa sababu gegedu limebanduka. Labramu kushonwa au kupunguzwa, hapo haikuleta tofauti.

Mjomba Rashidi: Theluthi! Basi afanye mazoezi tu.

Hamisi Fizio: Uingereza walipima hilo, watu 348, hospitali 23, majibu yakatoka 2018. Baada ya mwaka, kwa alama 100 za hali ya nyonga (juu ndiyo nafuu), waliopasuliwa 58.8, wa mazoezi 49.7. Wakisawazisha hesabu, tofauti 6.8. Upasuaji ulishinda, ila pande zote mbili zilipanda. Na mazoezi yenyewe ni programu ya mtu mmoja mmoja, miezi mitatu na zaidi, si kunyoosha miguu sebuleni.

Neema Theatre: Theluthi ile imebeba wazee na nyonga zilizochakaa, mjomba. Idi ana 29 na milimita 4, usimpige fungu moja nao. Lakini asiahidiwe kwamba nyonga haitasagika. Anapasuliwa kwa ajili ya maumivu.

Shangazi Zuhura: Kwenye upasuaji wenyewe, kinachoharibika ni nini?

Neema Theatre: Kubwa ni nundu kubaki. Ndiyo inayowarudisha wengi mezani. Daktari apige eksirei mguu ukiwa katika mikao kadhaa kabla hajatoa vifaa. Akikata mno, zaidi ya asilimia 30 ya shingo, mfupa unaweza kuvunjika. Kifuko cha maungio akishakifungua akishone, nyonga isilegee. Na mguu unavutwa ili maungio yaachane kama milimita 8 hadi 10. Ukizidi saa mbili, ganzi sehemu za siri. Mara nyingi huisha yenyewe, ila aambiwe kabla.

Hamisi Fizio: Kuna pembe hawakuandika: jinsi kikombe kinavyofunika kichwa. Ikiwa chini ya digrii 20 kikombe ni kifupi, na matundu peke yake yanaweza kuilegeza zaidi. Hapo kazi ni kugeuza kikombe chenyewe, upasuaji mkubwa.

Shangazi Zuhura: Na baada ya hapo? Atasali vipi?

Hamisi Fizio: Kwenye kiti, wiki za mwanzo nyonga isikunjwe kupita digrii 90. Sijda na kuchuchumaa vingoje. Magongo wiki 2 hadi 4. Akitobolewa mfupa, 6 hadi 8. Baiskeli ya ndani mapema, bila uzito. Kukimbia mwezi wa 3 au 4, mpira wa 6. Wanaoharakisha wanavimba kano za mbele ya nyonga, halafu wanamlaumu daktari.

Shangazi Zuhura: Namwandikia aulize hiyo pembe ya kikombe.

Neema Theatre: Na aombe picha zenyewe, si karatasi tu. Tukizipata, ile 4 nitaipima upya, hasa pale ukingoni.

Mjomba Rashidi: Na mimi nimekaa kimya 😅