"Watery": supu, macho, jua na tabasamu, vyote kwa neno moja?

Mfasiri: Habari zenu wanajukwaa. Natafsiri hadithi fupi ya Kiingereza na neno "watery" limenikwamisha. Mwandishi kalitumia kwa supu, kwa macho, kwa jua la asubuhi, kisha kwa tabasamu la mama mjane. Kamusi yangu inasema "-a majimaji", basi. Tabasamu la majimaji siwezi kuliandika. Mnalipimaje neno hili?

Mwalimu wa Lugha: Ndugu Mfasiri, anza na nomino inayofuatana nalo. Kwenye macho maji yapo kweli: "macho yanayolengwalengwa machozi". Madaktari nao hulitumia hivyo kwa kipindupindu, ambacho huleta kuhara majimaji. Hapo kamusi yako iko sawa kabisa. Kwenye supu maji yamezidi hadi yameua ladha, kwa hiyo neno linabeba lawama. Andika "supu chapwa".

Kwenye jua hakuna maji yoyote. Kinachosemwa ni udhaifu: mwanga umepauka, mawingu mepesi yameuzuia. "Jua hafifu" inatosha. Na tabasamu la mjane ni lile linalotoka kwa shida, machozi yakiwa karibu. Mimi ningeandika "alitabasamu kwa unyonge". Ukimpa majimaji usoni, msomaji atamwona amelowa, na huzuni yake haitamfikia.

Mkemia: Naongezea kidogo. Usilichanganye na "aqueous" wala "aquatic", yanayotokana na "aqua" ya Kilatini. La kwanza ni la maabara: chumvi iliyoyeyushwa majini tunaiandika NaCl(aq). La pili ni la mimea na viumbe wanaoishi majini. Samaki mzima baharini haitwi "watery". Nyama yake ikipikwa ikawa teketeke isiyo na ladha, hapo neno linamfaa.

Mfasiri: Ahsanteni sana. Limebaki moja: aya ya mwisho inasema mume wa yule mama, baharia, alipata "watery grave".

Mwalimu wa Lugha: Alikufa maji. Kiswahili kina neno lake tayari, fupi na zito. Ila Kiingereza hapo kimepamba kwa makusudi, kwa hiyo kama hadithi nzima ina lugha ya namna hiyo, ningechagua "bahari ikawa kaburi lake". "Kaburi la majimaji" liache kabisa, maana msomaji ataona shimo la matope nchi kavu.