Mrejesho: chujio la boksi la barafu halizibi tena

Wakuu, swali lilikuwa kwa nini maji ya kimea (nafaka iliyooteshwa na kukaushwa) yanagoma kutoka kwenye boksi la barafu la lita 40 lenye koki ya nusu inchi, ninalotumia kulowekea kimea kwenye maji ya moto nikitengeneza bia nyumbani. Ushauri wenu umefanya kazi, asanteni sana.

Tatizo ni wavu wa kuchujia uliounganishwa na koki ndani ya boksi. Ule wa chuma unaovuliwa kwenye paipu ya sinki hauna uti ndani, hivyo uzito wa nafaka unaulaza bapa. Zungusha waya wa stenlesi wa milimita 2 kama springi, uingize ndani, kunja ncha ya wavu, kaza kwa klipu.

Kwa kilo 5 za kimea cha shayiri, lita 15 za maji ya nyuzi 73 vikichanganywa hutua kwenye 67 hivi, mradi boksi limepashwa moto kwanza. Koki ifunguliwe robo tu. Ikiachiwa yote nafaka hujishindilia chini. Lita 3 za mwanzo zina unga, zirudishe juu taratibu.

Wanaotumia kimea cha mtama waongeze maganda ya mpunga yaliyooshwa, kwani punje yake haina ganda la kuchujia.

Washa za koki (pete za kuzuia kuvuja) ziwe za silikoni. Mpira wa kawaida hutoa harufu kwenye moto.