Wa Barabara ya 12

*Ijumaa usiku*

Idi: Asalaam alaikum wana ndugu. 📷 Haya, kesho rangi. Miezi mitatu gereji na hii Land Rover 109, vidole sivisikii kwa baridi, lakini kesho bibi harusi anavaa shela.

Zuhura: Waalaikum salaam. Bibi harusi gani uso umejaa mabaka?

Idi: Hiyo praima dada, rangi ya chini 😂

Zuhura: Ukuta wa chumba cha Mama nao una mabaka, ila wenyewe hauna praima. Picha nilikutumia Jumatatu. Tiki mbili za bluu nimeziona kwa macho yangu.

Salimu: Ngoja nikanunue karanga nirudi nikae vizuri

Idi: Niliona dada, nilikuwa kazini. Fundi anasemaje?

Zuhura: Anakwangua, anapiga rangi ya mafuta, basi. Laki mbili na nusu, rangi ununue mwenyewe.

Idi: Sawa, mwisho wa mwezi inshallah. Sasa hivi pesa yote imelala humu gereji 🙈

Zuhura: Tunajua ilikolala.

Tatu: Shikamooni. Baba mdogo, hiyo 109 ni namba ya nini? Darasani nimewaambia una gari la namba wakacheka

Idi: Marahaba mwanangu. Ni inchi, kutoka ekseli ya mbele mpaka ya nyuma. Kuna fupi ya 88 na ndefu ya 109. Hii yetu ni Series III ya mwaka 1978. Zilitoka kiwandani Solihull, hapa jirani tu na Coventry. Waambie wenzako gari la kwanza la jina hili lilionyeshwa Amsterdam Aprili 1948, chuma bado cha mgawo Uingereza baada ya vita, ndiyo maana bodi wakaitengeneza kwa alumini. Bodi haili kutu hii!

Mjomba Rajabu: IDI

Salimu: Uwiii. Shikamoo mjomba

Idi: Shikamoo mjomba

Mjomba Rajabu: MARAHABA NYOTE. SUMAKU UNAYO

Idi: Ya nini mjomba?

Mjomba Rajabu: 🎤 1:52

Salimu: Mjomba bando linakata, sauti haifunguki. Mwenye nayo atuandikie

Tatu: Nimesikiliza mimi. Babu anasema gereji ya mkonge kule Muheza walikuwa na 109 nne, na hakuna iliyokufa kwa injini. Injini petroli silinda nne, moto unapigwa kwa zamu 1-3-4-2, hata umwamshe usingizini anakutajia. Zilikufa kwa kutu ya chuma. Bodi alumini, lakini chesisi, ile fremu ya chini, ni chuma, na ule ukuta kati ya injini na miguu ya dereva nao chuma. Kwa hiyo baba mdogo apitishe sumaku kwanza. Kwenye mabawa ya mbele ianguke, ni alumini hiyo. Kwenye ule ukuta ing'ang'anie. Isipong'ang'ania asipige rangi.

Idi: Mjomba mimi nimeunyoosha kwa msasa mwenyewe, uko laini kama kioo

Mjomba Rajabu: NDIO NINACHOOGOPA

Zuhura: 😂😂😂

Idi: Haya natoa sumaku kwenye friji. Ile ya mnara wa saa aliyonipa Salimu.

Zuhura: Na huko gereji usiwashe injini umefunga mlango eti baridi. Ule moshi ni sawasawa na kulala na jiko la mkaa chumbani.

Idi: Mlango wazi dada. Nyuzi 2 hapa, natetemeka kama kuku aliyemwagiwa maji.

Salimu: Gari lenyewe litapita ukaguzi huko? Nasikia Wazungu hawana mchezo

Idi: Halikaguliwi! Gari likishapita miaka 40 huku ni la kihistoria, kodi ya barabara hulipi, na ukaguzi wa kila mwaka si lazima.

Mjomba Rajabu: KWA HIYO MKAGUZI NI WEWE

*(dakika kumi kimya)*

Salimu: Idi?

Salimu: Bibi harusi katoroka?

Idi: 📷

Idi: Bawa la kulia imeanguka, sawa. La kushoto imeanguka, sawa. Ukuta upande wa dereva imenata. Upande wa abiria, pale chini pa kuwekea miguu, mnara wa saa umeteleza mpaka sakafuni.

Zuhura: Ndiyo nini sasa?

Idi: Ndiyo kwamba pale hapana chuma dada. Nimechokonoa na bisibisi. Ni puti, ile ya kuzibia mashimo. Puti nene kama kipande cha sabuni, na ndani yake wamekunja wavu wa dirisha na gazeti. Kidole kimepita naona sakafu ya gereji.

Salimu: Gazeti la lini? 😭

Idi: Salimu naomba uniache.

Zuhura: Aliyekuuzia?

Idi: Alinipa chai na biskuti. Mtu mzima, kofia kichwani. Akaniambia "hili halijawahi kuguswa".

Mjomba Rajabu: USIJAZE TENA. KATA MPAKA UKUTE CHUMA KIZIMA KINACHONG'AA. CHOMELEA BATI JIPYA. RANGI MWISHO

Mjomba Rajabu: ZUHURA HUO UKUTA WA MAMAKO UNATOA UNGA MWEUPE

Zuhura: Shikamoo mjomba. Ndiyo, ukipitisha mkono unashika unga. Rangi ya mwaka juzi inabanduka magamba magamba kama changu.

Mjomba Rajabu: ONJA

Zuhura: Mjomba!

Tatu: Nimeonja mimi. Chumvi kabisa 🤢

Mjomba Rajabu: MUULIZE MAMAKO MCHANGA ULITOKA WAPI

Mama (anaandika Tatu): Bibi anasema: Rajabu wewe unajua ulipotoka, ulikuwepo. Mwaka 1987 marehemu aliambiwa lori la mchanga wa mto haliji mpaka mwezi ujao, na yeye alishaalika watu wa maulidi. Wakaenda pwani usiku na mkokoteni, yeye na wewe, mkarudi alfajiri mmelowa. Nikawauliza mnafanya nini, mkaniambia mmekwenda kuvua.

Salimu: 💀💀💀

Idi: Mjomba???

Mjomba Rajabu: NILIKUWA KIJANA

Zuhura: Yaani miaka yote tunapiga rangi ukuta wa bahari.

Mjomba Rajabu: 🎤 0:58

Tatu: Anasema chumvi inavuta maji, maji yanatoka nayo nje, yakikauka inasukuma rangi. Rangi ya mafuta ndiyo mbaya zaidi kwa sababu inafungia maji ndani. Wabomoe lipu yote upande ule mpaka kwenye tofali, waache ukuta ukae wazi wiki kadhaa, unga ukitoka wanaufagia kwa brashi kavu, wasimwagie maji. Halafu lipu ya chokaa na mchanga wa mto. Na mchanga atakwenda kuukagua yeye mwenyewe.

Zuhura: Ataukagua yeye 😂 Fundi wangu nimwambie nini? Nimeshampa elfu hamsini ya kutangulia.

Salimu: Mwambie hiyo aihesabu kwenye lipu mpya. Mimi na vijana wawili Jumapili tunaiangusha. Mama alale chumba cha Tatu.

Mama (anaandika Tatu): Bibi anasema hahami kitanda chake. Anasema pia gari la Idi lina kiti cha katikati kama lile la marehemu? Pale ndipo alipokuwa anakaa wakienda Pangani, na gia inamgonga goti.

Idi: Kipo Mama. Shikamoo. Nimekishonea ngozi nyeusi.

Mama (anaandika Tatu): Marahaba. Ile ilikuwa ya kijivu.

Idi: Dada, rangi ya kesho naahirisha. Yule wa kunipulizia nimemwandikia sasa hivi. Pesa yake nakutumia asubuhi, nunua chokaa. Usinishukuru, sina pa kuitumia kabla sijapata mtu wa kuchomelea.

Zuhura: Sikuwa na nia ya kukushukuru. Ahsante.

Mjomba Rajabu: IDI. CHESISI KULE NYUMA, CHUMA CHA MWISHO WANAPOFUNGA TRELA. UMEPITISHA SUMAKU

Idi: Mjomba huko huwa imara, pamepakwa rangi nyeusi nzito nzuri.

Mjomba Rajabu: ULIPAKA WEWE AU ULIIKUTA

Idi: Niliikuta.

Mjomba Rajabu: CHUKUA NYUNDO NDOGO. GONGA TARATIBU. TUMA SAUTI NISIKIE

Idi: Mjomba huko kwenu saa sita usiku hii, ukalale

Mjomba Rajabu: NASUBIRI

Idi: 🎤 0:07

Salimu: Mbona kama debe?