Tupeane uzoefu: Feni ya hita ya gesi ndani ya trela inawaka, inazima, inawaka tena. Yako inafanyaje?

Mtanga wa Kaskazini

Wakuu, salaam. Najua tuko wengi tunaoishi kwenye trela huku Marekani kwa sababu ya kazi: wa mafutani, wa mavuno, manesi wa mikataba, wa mitambo ya upepo. Baridi inakaribia na kila mwaka swali ni lilelile: mbona feni ya hita inawaka na kuzima usiku kucha, ni mbovu? Kabla theluji haijaanza kudondoka, kila mmoja aseme yaliyomkuta. Naanza mimi.

Nipo karibu na Williston, North Dakota, na huu utakuwa msimu wangu wa tatu wa baridi. Msimu wa kwanza sikulala vizuri wiki nzima. Nilizoea jiko la gesi la nyumbani Tanga: unafungua, unawasha, mwali unakaa hadi uuzime mwenyewe. Hita ya trela haiko hivyo. Kitandani nilikuwa nasikia themostati, kile kidude kinachoiwasha na kuizima hita kulingana na joto la chumba, inalia "tik" ukutani, feni inaanza kuvuma, na tundu la hewa lililo usawa wa miguu yangu linanipulizia upepo wa baridi kabisa. Nje ni nyuzi 20 chini ya sifuri. Nikawa naamka, naizima, najifunika mablanketi matatu, nikizidiwa naiwasha tena.

Mzee mmoja jirani yangu kambini aliponiona nimevimba macho alikuja jioni, akakaa nami kwenye ngazi ya trela na kuniambia tuhesabu. Tukahesabu. Feni ilizunguka peke yake kama sekunde 15. Hapo inasafisha chumba cha moto, isije ikawa kuna gesi imebaki humo. Upepo ukipata nguvu ya kutosha unasukuma swichi ya upepo, kibati chepesi mno kilichosimama njiani, na kibati hicho ndicho kinachoiambia bodi ya umeme inayoongoza hita kwamba feni kweli inazunguka. Ndipo valvu ya gesi inafunguka, cheche zinagonga tik-tik-tik, halafu unasikia mwali unashika kwa mvumo wa chini. Baada ya muda mfupi upepo uleule wa miguuni ukawa wa moto. Joto lilipofika, mwali ulikatika, lakini feni iliendelea kama dakika moja na nusu ndipo ikanyamaza.

Dakika hiyo ya mwisho ndiyo niliyokuwa naikatiza kwa kuchomoa fyuzi, nikidhani naokoa betri. Mzee alinikanya kwelikweli. Chuma cha chumba cha moto bado kina joto kali. Ukikinyima upepo kila usiku, mwisho kinapasuka ufa, na moshi wenye kaboni monoksidi, gesi ya sumu, unaingia ulipolala.

Kwa hiyo kuwaka na kuzima si ugonjwa. Hizi hita nyingi hazina mwali mdogo wala mkubwa, ni kuwaka wote au kuzima. La kukushtua ni ule mfuatano ukibadilika. Haya, leteni yenu.

Nesi wa Zamu ya Usiku

Asante sana kwa kuanzisha hii. Mimi ni wa Nyeri, niko na trela ya futi 24, nafanya kazi za mkataba Minnesota. Kambini nachomeka umeme, kwa hivyo mwaka wa kwanza sikuwahi kufikiria betri hata siku moja. Konveta inabadilisha ule umeme wa ukutani kuwa volti 12, na feni inakula hapo.

Mwezi wa kumi na moja nikapata siku tatu za mapumziko, nikavuta trela hadi ufuo wa kaskazini wa Ziwa Superior, kupita Duluth, mahali hakuna umeme. Mitungi yote miwili ilikuwa imejaa. Jioni hita ilifanya kazi vizuri sana, nikapika chai, nikalala. Saa 10 alfajiri niliamshwa na sauti ya feni. Ilikuwa inazunguka kwa uvivu, kama mtu anayepanda mlima na mzigo, na haikufika kwenye cheche. Upepo baridi tu, dakika baada ya dakika. Nikatoka nje na tochi nikagonga mitungi, imejaa. Nikarudi nikawasha taa, ikatoa mwanga wa rangi ya machungwa. Hapo ndipo nilielewa. Mita ilionyesha volti 10 na kitu.

Nilikaa chini nikapiga hesabu, na ningependa kila mtu aipige kabla ya kwenda porini. Feni ya hita kama yangu inakula ampea 7 na nusu hivi. Usiku wenye urefu wa saa 10, ikifanya kazi nusu ya muda, hiyo ni karibu ampea-saa 37. Betri yangu ya asidi ni ya ampea-saa 80, na betri ya namna hiyo hupaswi kuishusha chini ya nusu. Yaani usiku mmoja tu, bila taa, bila pampu ya maji, imekwisha. Na baridi yenyewe inapunguza nguvu ya betri. Feni ikikosa volti haizunguki kwa kasi, swichi ya upepo haifungi, na gesi haifunguliwi hata kama una mitungi kumi. Sasa niko na betri mbili.

Mvunaji wa Oktoba

Sisi ni ndugu wawili, wa Bujumbura. Kila mwezi wa kumi tunaenda mavuno ya viazi sukari, vile vya kutengenezea sukari, bonde la Red River, pale mpakani mwa Minnesota na North Dakota. Zamu moja ni saa 12 mfululizo, yeye anaingia mchana, mimi usiku, trela moja.

Sebuleni kulikuwa kunaunguza wakati anayelala yupo chumbani, tukafunga matundu ya sakafuni ili hewa moto yote iende kitandani. Matundu yako matano, tulifunga matatu. Kuanzia siku hiyo feni haikuzima tena. Ikawa inapuliza moto, baada ya muda inapuliza vuguvugu, halafu baridi, halafu cheche tena na moto. Joto la chumbani halipandi. Tukadhani themostati imekufa, tukanunua nyingine, hali ileile.

Kumbe hewa ilikosa pa kutokea. Joto likajaa ndani ya hita, swichi ya joto ikakata gesi ili isiungue, na feni ikaachwa izunguke kuipoza. Ikipoa inawaka tena, inazidi tena, inakata tena. Hiyo ndiyo sababu feni haipumziki. Na tulikuwa tumeongeza kosa la pili: mifuko yetu ya nguo na buti za shamba tulikuwa tunazipanga mbele ya ule wavu ambao hita inavutia hewa ya kurudi. Tulifungua matundu yote, tukahamisha mifuko chini ya meza, na usiku huohuo ikarudi kwenye mwendo wake. Fedha ya themostati ilikuwa imeshakwenda.

Fundi wa Matrela

Huyo mvunaji ameeleza vizuri kuliko mafundi wengi. Nami niongeze kutoka kwenye kazi. Chapa ninazokutana nazo zaidi ni Suburban na Atwood, ambayo siku hizi ni Dometic, na mwendo wake haupishani sana.

Feni inazunguka lakini cheche hazigongi: pima volti kwanza, ndipo uishuku swichi ya upepo. Mwaka jana nilifungua hita ya familia moja yenye mbwa. Ulikuwa unywele mmoja tu, mweupe, umejisokota kwenye kile kibati na kukizuia kisifike mwisho. Niliutoa kwa kibanio, hita ikawaka. Walikuwa wamelala baridi siku nne, na mtoto wao alikuwa anakohoa.

Cheche zinagonga lakini mwali haushiki: huenda mtungi ni mpya na bomba limejaa hewa. Washa jiko kwanza mpaka mwali wake utulie, ndipo urudi kwenye hita. Bodi nyingi hujaribu mara tatu kisha hujifunga. Zima themostati, subiri, anza upya. Na trela iliyokaa kiangazi kizima bila kutumika, chungulia bomba la moshi upande wa nje. Nyigu wanaojenga kwa udongo wanapenda sana kuweka nyumba humo.

Ninachowaomba kwa dhati: msiunganishe waya kuiruka swichi ya upepo wala ya joto. Nimemkuta mtu aliyefanya hivyo, na kwa sababu hita iliwaka aliona ametengeneza. Siku feni ikisimama, gesi itaendelea kuwaka ndani ya sanduku lisilo na upepo, kichwani pa mtu aliyelala.

Mwana wa Bukavu

Bandugu, jambo kwenu. Mimi niko Greeley, Colorado. Yangu ilianzia kwenye bei ya gesi. Hita yetu ni ya BTU 30,000 kwa saa (BTU ni kipimo cha joto). Mtungi wa paundi 30 unabeba galoni 7 hivi, na galoni moja ya propani, yaani gesi yenyewe, inatoa BTU 91,500 karibu. Ikiwaka bila kukata, mtungi mzima unaisha kwa saa 21. Inavyowaka na kuzima unaupata siku mbili, baridi ikizidi hata hizo hupati.

Nikaona bora ninunue hita ndogo mbili za umeme, maana umeme wa kambi uko ndani ya kodi. Sebuleni kukawa na joto zuri, themostati ikaridhika, na hita ya gesi haikuwaka usiku kucha. Nilifurahi kabisa kusikia ule ukimya. Asubuhi mke wangu anafungua bomba, hakuna tone.

Katika trela yetu kuna bomba moja la hewa moto linaloshuka chini ya sakafu, kwenye mabomba ya maji na matangi. Hita ya gesi isipowaka, kule chini hakuna joto hata kidogo. Bomba la maji lilipasuka mahali pawili. Tulitandaza mataulo yote ya nyumba sakafuni barafu ya bombani ilipoyeyuka. Tangu hapo hita za umeme nazitumia kusaidia tu, na themostati ya gesi naiweka juu kiasi kwamba ile feni lazima niisikie mara kadhaa usiku.

Mgeni Bado

Nataka kununua trela iliyotumika kabla ya Desemba. Nikienda kuiona niangalie nini kwenye hita?

Mtanga wa Kaskazini

Iwashe mbele ya muuzaji uhesabu mfuatano wote niliouandika juu, kisha uizime usubiri feni inyamaze yenyewe. Rudia mara tatu. Tazama tarehe nyuma ya kengele mbili: ya gesi, ambayo hufungwa karibu na sakafu kwa kuwa propani ni nzito kuliko hewa, na ya kaboni monoksidi. Zote zina mwisho wa matumizi. Zikiwa zimepitwa, nunua mpya kabla hujalala humo.

Bi Mkubwa wa Unguja

Jamani nimewasoma nyote. Mume wangu yuko kwenye mitambo ya upepo karibu na Sweetwater, Texas, na watu hudhani Texas haina baridi. Ina, na upepo wake unapenya kwenye fremu za madirisha.

Mtoto wetu alikuwa na miezi minne tulipohamia. Kila feni ilipoanza alishtuka akalia, na ilikuwa inaanza kila baada ya dakika tano. Themostati yetu ilikuwa ya zamani, ya kusogeza kwa kidole, tena imefungwa jirani na tundu la hewa, ikipata joto yenyewe kabla ya chumba. Mume wangu alifungua kifuniko akasogeza kile kijimkono kidogo cha ndani ili mzunguko urefuke, haikutosha. Tukaihamishia ukuta wa ndani karibu na kitanda. Hapo hita ikawa inawaka robo saa na kupumzika zaidi ya hapo, na mtoto akazoea. Akawa halali mpaka aisikie ikivuma.

Januari, saa 9 usiku, alilia. Nilidhani ana njaa. Nilipomchukua nikasikia feni inazunguka, cheche zikagonga, hakuna mwali. Zikagonga tena. Mara ya tatu, kisha kimya. Nilimfunga kanga na blanketi kifuani, nikamwamsha baba yake, akatoka kugeuza regyuleta upande wa mtungi wa pili. Aliporudi nikawasha jiko, mwali ukatulia, nikazima themostati nikaiwasha. Tukakaa gizani sote watatu tukihesabu.