Mkigongwa msikubali "tumalizane hapa hapa", mimi nimeliwa Kibuye, Kisumu

Wadau niko na hasira sina pa kuipeleka wacha niimwage hapa. Jumapili ile nyingine nilikuwa natoka town naelekea Kondele na Fielder yangu, mnajua Kibuye siku ya soko vile inakuwa, mitumba mpaka kwa barabara, mikokoteni, boda wanapenya kila upande. Nimesimama mama avuke na karai yake ya omena, nikasikia tu puu! nyuma. Probox imejaa magunia ya kabeji hadi juu.

Nikashuka. Teli laiti ya kulia imepasuka, bampa inaning'inia upande mmoja, buti imekunjika haifungi. Hakuna aliyeumia, hiyo nashukuru Mungu. Dereva akatoka mpole kama amekuja kuposa, "omera pole sana, jathurwa wacha tumalizane hapa hapa, ya nini kuita makarau." Jathurwa, yaani mtu wa kwetu kwa Kijaluo! Mimi mtu wa Mumias. Na umati nao, dakika mbili washakuwa mahakimu, boda wanapiga kelele toeni magari mnafunga barabara, mzee mmoja hata simjui ananiambia kijana usiwe na roho ngumu. Nikalainika kama mjinga. Akanitumia 3,000 kwa M-Pesa, eti fundi akipiga hesabu nimwambie amalizie.

Fundi amesema 27,000. Nikapiga simu, mteja hapatikani. Mpaka leo hapatikani.

Alhamisi ndio nikaenda stesheni kuandikisha OB, kile kitabu cha matukio, nipate abstrakti, ile karatasi ya polisi ya kupeleka kwa bima. Afande akaniangalia, "na ulikuwa wapi siku zote hizo?" Hapo ana haki, sheria ya trafiki inasema mkigongana kila mtu asimame, atoe jina na anwani na namba ya gari, na kama hamkupeana basi uripoti polisi ndani ya saa 24. Sawa, kosa langu. Lakini kunirudisha mara 3, leo mwenye kitabu ametoka, kesho muhuri umefungiwa, halafu unaniuliza kama nimekuja mikono mitupu, hiyo nayo iko kwa sheria gani??

Bima yangu ni thadi pati, hiyo haitengenezi gari yangu, kwa hivyo ilibidi niifuate bima ya yule jamaa. Bima gani sasa? Nilipiga picha 6, zote bampa, bampa, bampa, moja ina kidole changu na karai ya omena. Stika ya bima ilikuwa pale pale kwa kioo chake cha mbele, jina la kampuni, tarehe ya kuisha, kila kitu, na sikuipiga hata moja. Ajenti wangu naye akaniongezea presha, eti kwa vile nilipokea hizo 3,000 jamaa anaweza kusema tulishamalizana.

Bahati namba pleti ilionekana. Nikaingia eCitizen nikafanya sachi ya mwenye gari kwa NTSA, ile mamlaka ya usafiri, 550 ikaenda, jina likatoka. Nikamtafuta huyo mtu mpaka nikampata, ananiambia hiyo Probox aliuza kitambo na aliyenunua hakubadilisha logibuku, ile hati ya umiliki wa gari, na yeye mwenyewe anamtafuta!

Kwa hivyo wewe uliye na gari, ukigongwa hata kama ni mkwaruzo, piga picha magari yote mawili kabla hayajatolewa, piga stika, piga leseni yake akikubali, chukua namba ya simu na uibipu mbele yake uone kama inaita, tafuta shahidi mmoja ambaye si mpita njia wa kelele, na muende wote wawili stesheni siku hiyo hiyo. Akikataa kwenda hapo ndio ujue. Mkiamua kumalizana basi muandikiane, kiasi chote kwa mkupuo, si "nitamalizia".

Kuna mtu amewahi kupata dereva hivi kama mwenye logibuku ni mwingine? Nimechoka. Buti nimefunga na kamba ya manila, teli laiti nimebandika selotepu nyekundu, na jana trafiki amenisimamisha Mamboleo ananiuliza mbona natembeza gari mbovu barabarani.