Nina uzamivu (PhD), nimekatwa kwa kukosa uzamili (masters). Hii ni sheria gani jamani?

Wakuu, salamu kwenu. Uzi huu ni mrefu na naandika nikiwa na hasira, kwa hiyo asiye na muda apite tu.

Ilitangazwa nafasi ya Mkurugenzi wa Utafiti kwenye taasisi moja ya umma. Jina lake silitaji, kesi iko mahakamani na wakili wangu ameshanikanya. Sharti la elimu lilikuwa sentensi moja: mwombaji awe na shahada ya uzamivu katika fani husika au sifa inayolingana nayo. Kisha uzoefu wa kuongoza miradi, machapisho kwenye majarida yanayopitiwa na wataalamu, basi. Uzamili haukutajwa popote. Nimelisoma tangazo lile mpaka nimelikariri.

Mimi nilitoka shahada ya kwanza nikaingia uzamivu moja kwa moja. Kwa wasiojua, vyuo vingi vya Marekani vinafanya hivyo kila mwaka, na Uingereza pia ukiwa na shahada ya kwanza ya daraja la juu. Kozi ambazo wengine wanazisomea kwenye uzamili, sisi tulizisoma humohumo ndani, tukakalia mtihani wa kufuzu, ndipo ukaruhusiwa kugusa tasnifu. Ukifeli ule mtihani unarudi nyumbani. Sasa anayeniambia niliruka hatua aje anioneshe hatua yenyewe niliyoiruka. Na mamlaka yetu inayotambua shahada za nje ilishanipa barua yenye muhuri kwamba uzamivu wangu ni sawa na unaotolewa hapa nchini. Barua hiyo niliiambatanisha kwenye maombi, ukurasa wa kwanza kabisa, juu ya vyeti vyote.

Nikaitwa usaili. Nikatoa mada, nikaulizwa maswali, mmoja wa wajumbe akanipa mkono akasema tutaonana. Kimya. Baadaye ikaja barua ya mistari miwili: "hukukidhi vigezo vya kitaaluma".

Kama sikukidhi vigezo, mliniita usaili wa nini? Vyeti vinachambuliwa kabla ya usaili, sio baada. Hata mtoto wa shule anajua mpangilio huo.

Niliomba sababu kwa maandishi, nikazungushwa. Nikaomba kumbukumbu za kikao, nikaambiwa ni siri. Nikaenda mahakamani kuomba uamuzi wao upitiwe upya, na ni huko tu, kwenye viambatanisho vya hati yao ya kiapo, ndipo nilipoiona fomu ya uchambuzi. Safu ya elimu imepigwa chapa vizuri, maneno yaleyale ya tangazo. Pembeni yake mtu ameandika kwa kalamu: "shahada zote tatu zifuatane". Hakuna sahihi wala tarehe. Kwenye mstari wa jina langu alama ya elimu imekatwa, juu yake ikawekwa sifuri, na ijapokuwa ni fotokopi bado tarakimu ya mwanzo inasomeka chini ya ule mkato. Yaani kuna mtu alinipa alama, akaja mwingine akazifuta, na hakuna anayetaka kusema ni nani.

Kigezo kimezaliwa baada ya maombi kufungwa na majina kujulikana. Hapo ndipo penye kesi yangu yote. Wakitaka shahada tatu zifuatane, ni haki yao, waandike kwenye tangazo na mimi nisingepoteza nauli. Lakini huwezi kutangaza kitu kimoja, ukasubiri waombaji waje, ukawaangalia sura, ndipo ukatunga kingine.

Mahakamani nako ni sinema. Kwanza wakaleta pingamizi la awali: eti sijamaliza ngazi za rufaa za ndani. Kamati ya rufaa ya ndani muda wake uliisha na haijateuliwa nyingine. Kwa hiyo nikate rufaa kwa viti? Hakimu, ashukuriwe, alilitupa hilo.

Ndipo wakili wao akatoa silaha yake kubwa, kesi ya India ya mwaka 1963, University of Mysore dhidi ya Govinda Rao. Akaisoma kwa mbwembwe: masuala ya kitaaluma waachiwe wataalamu, mahakama isijifanye bodi ya ajira. Nikaenda kuitafuta mwenyewe. Wakuu, nilicheka peke yangu. Kesi ile ilihusu nafasi ya mhadhiri wa utafiti (Research Reader) katika Kiingereza, na tangazo lake lilitaka uzamili wa India wa daraja fulani au sifa inayolingana nayo kutoka chuo cha nje. Aliyeteuliwa alikuwa na shahada ya Durham ya Uingereza. Mtu akapinga, Mahakama Kuu ya Mysore ikatengua uteuzi, Mahakama ya Juu ya India ikaurudisha. Ni kweli majaji walisema ni busara kuwaachia wataalamu, ila walitaja pia kwamba hapakuwa na madai ya nia mbaya dhidi ya bodi. Na bodi ile ilikuwa imeipima shahada ya nje ikaona inalingana! Hukumu iliyomwokoa mwenye shahada ya nje ndiyo wanayoitumia kunizamisha mimi mwenye shahada ya nje.

Halafu hao wataalamu tunaotakiwa kuwaachia wako wapi? Maoni ya mtaalamu yana jina, yana hoja, yana kikao kilichoyapitisha. Mwandiko wa pembeni usio na mwenyewe ni maoni ya nani?

Kuna Mkataba wa Dunia wa UNESCO kuhusu utambuzi wa sifa za elimu ya juu, uliopitishwa 2019 na kuanza kutumika 2023. Kabla yake Ulaya walikuwa na ule wa Lisbon wa 1997. Mantiki yake ni moja: anayekataa kutambua shahada ndiye anayebeba mzigo wa kuonesha kuna tofauti kubwa, na mwombaji ana haki ya kupewa sababu na ya kukata rufaa. Nani ameridhia na nani bado, hiyo ni ya mawakili. Ninachosema ni kwamba dunia imeshakubaliana kuwa "hukukidhi" peke yake si jibu.

Najua mtu atakuja kuniambia vyeti feki vimejaa, lazima bodi ziwe kali. Sawa kabisa, na mimi nachukia vyeti feki kuliko yeye. Lakini cheti feki kinashikwa kwa kumwandikia msajili wa chuo husika, barua moja, jibu linakuja. Hawakuandika. Hakuna popote kwenye majibu yao waliposema shahada yangu ni ya kughushi. Wangesema hivyo ningewashukuru, maana ingekuwa tuhuma inayojibika.

Mwingine atasema bila uzamili huwezi kuongoza utafiti. Annette Schavan alikuwa waziri wa elimu na utafiti wa Ujerumani na uzamivu ndio uliokuwa shahada yake ya kwanza na ya pekee. Alipovuliwa uzamivu huo 2013 ilikuwa kwa kunakili kazi za watu, sio kwa kukosa uzamili. Tu Youyou wa China, aliyetuletea artemisinin ya malaria, alipata Nobeli 2015 bila uzamivu wowote. Koichi Tanaka wa Japani alipata ya kemia 2002 akiwa na shahada ya kwanza ya uhandisi. Hawa wote kwa ile kalamu ya pembeni wangepata sifuri. Sijilinganishi nao, msianze. Nasema kifungu cha sifa inayolingana kiliwekwa kwa ajili ya watu wasiopita njia moja, na kama hamna nia ya kukitumia kifuteni.

Kinachoniuma zaidi ni hiki. Jan Hendrik Schön, yule mwanafizikia aliyebainika kughushi takwimu za utafiti, Chuo Kikuu cha Konstanz cha Ujerumani kilimvua uzamivu mwaka 2004. Akashitaki. Mahakama ya Freiburg ikampa ushindi 2010, ya Mannheim ikaupindua 2011, ya juu ya utawala ikakubaliana na chuo 2013, na mwaka 2014 Mahakama ya Katiba ikakataa kulipokea lalamiko lake. Miaka kumi. Kila ngazi ilieleza kwa maandishi imefikaje hapo. Huyo ni mtu aliyedanganya ulimwengu mzima wa sayansi! Mimi sijatuhumiwa hata kukosea nukta, nimepewa mistari miwili.

Na huku kaimu anaendelea kukaimu. Mikataba mipya ya ufadhili haisainiwi kwa sababu wafadhili wanataka saini ya mkurugenzi kamili, na vijana wanaosubiri msimamizi wa tasnifu wanazeeka pale. Aliyependekezwa kupewa nafasi ana shahada zote tatu, hilo sikatai. Uzamivu wake uko kwenye fani ambayo taasisi ile haina hata idara yake. "Fani husika" ilikuwa kwenye tangazo, kwa chapa, na hakuna aliyeiandikia kitu pembeni.

Siombi mahakama inipe kazi. Wakili wangu ameomba vitu viwili tu: uamuzi utenguliwe, na uchambuzi urudiwe kwa masharti yaliyotangazwa, na watu wanaosaini wanachoandika. Nikikatwa hapo kwa hoja, nitanyamaza.

Shauri litatajwa tena mwezi ujao. Kama humu kuna aliyewahi kukaa kwenye jopo la ajira za watafiti, naomba jibu moja: kuna kanuni yoyote inayoruhusu kuongeza kigezo baada ya maombi kufungwa? Itaje kwa namba ya kifungu. Na aliyewahi kushinda au kushindwa kesi ya namna hii anitumie ujumbe binafsi, nataka kuona hukumu yenyewe. Wa kuniambia nimwachie Mungu, nimeshamwachia, sasa namfuatilia na hakimu.