Ziara ya kidato cha tatu: tuvuke Ruvuma au tubaki huku huku?

Ticha wa Kusini

Wakuu habari za humu. Mimi ni mwalimu wa historia, shule ya kata huku Mtwara vijijini, nina watoto 45 wa kidato cha tatu nataka niwapeleke ziara ya mafunzo kabla mwaka haujaisha. Wazo ninalo siku nyingi. Kila nikifika kwenye ile mada ya ukombozi nachora ubaoni mto Ruvuma, mpaka wetu na Msumbiji, naandika Mueda 16 Juni 1960 pale Wareno walipowamiminia watu risasi, naandika Chai 25 Septemba 1964 Frelimo, wale wapigania uhuru wa Msumbiji, walipoanza vita, halafu mtoto wa nyuma kabisa ananyoosha mkono, mwalimu huko si ndo kwa bibi yangu? Na kweli ni kwa bibi yake. Nusu ya darasa wana shangazi au babu ng'ambo, Mmakonde mto huu hajawahi kuuhesabu kama mpaka.

Sasa kuna watu wameniambia Cabo Delgado, lile jimbo la Msumbiji linalopakana na sisi ambalo magaidi walilivuruga, imetulia, watu wanarudi Palma, wanarudi Mocímboa da Praia, maduka yanafunguliwa, nikasema si ndo wakati wenyewe huu wakaone nchi inavyojiinua baada ya vita, maana kitabuni vita ikiisha tu inafuata mada nyingine. Hedi hajakataa, kasema lete andiko na bajeti. Andiko naweza, bajeti ndo kizungumkuti.

Naombeni mawazo. Watoto wanavukaje, kila mmoja na pasipoti au kuna utaratibu wa kundi? Na tupite wapi, darajani Mtambaswala au Kilambo kwa kivuko? Halafu kuna jambo linaninyima usingizi kidogo, darasani nina wanne wanatoka vijiji vya kando ya mto, mmoja wao familia ilihama baada ya magaidi kuvuka mto na kushambulia kijiji cha Kitaya Oktoba 2020. Nikifundisha hiyo mada anainamia daftari mpaka kengele. Yeye nimfanyeje? Nimuache nyumbani au nimchukue? Natanguliza shukrani.

Navuka Daima

Ticha mimi navuka Mtambaswala karibu kila mwezi napeleka sabuni na vitenge, kwaiyo nakwambia kitu ninachokijua. Usipeleke watoto.

Aliyekwambia imetulia hajadanganya, ila kutulia sio kupona. Hiyo vita ya magaidi ilianza Oktoba 2017 pale pale Mocímboa, watu wakasema ni vibaka tu watakamatwa wiki ijayo. Machi 2021 wakaingia Palma, ule mradi wa gesi wa Afungi ukasimama. Julai mwaka huo huo wakaja wanajeshi wa Rwanda, na jeshi la SADC, nchi za kusini mwa Afrika, ambalo wanajeshi wetu walikuwemo, Mocímboa waliyokuwa wameishika magaidi ikarudi mikononi mwa serikali, watu tukashangilia. SADC wameondoka 2024. Na 2025 bado kuna vijiji vimechomwa na watu wakakimbia na mikeka kichwani. Leo barabara shwari, kesho unaambiwa msiende. Mimi nikisimamishwa na askari anayeongea Kireno najieleza kwa kukunja shingo na kutabasamu, wewe watoto 45 utawajieleza vipi?

Pasipoti: kila mtoto lazima awe na hati yake, pasipoti au hati ya dharura, hakuna cha kundi. Piga hesabu ya watoto wa wakulima wa korosho, wengi wao hata cheti cha kuzaliwa kinatafutwa siku ya kujiandikisha mtihani.

Mtambaswala nenda, lakini simama upande wetu. Lile daraja lina mita 720, lilifunguliwa Mei 2010, Kikwete na Guebuza, marais wa nchi mbili wakati ule, walikuwepo. Ukiwasimamisha watoto pale wakaona malori yanakuja na wamama na mizigo yao, hapo darasa tayari unalo.

Mzee wa Nachingwea

Mwalimu, pole na kazi. Nakuandikia kwa simu ya mjukuu, nivumilie na herufi.

Unatafuta eneo lililotoka vitani na unalikalia. Baba yangu alikuja Nachingwea kwa ajili ya mashamba ya karanga ya Waingereza, ule mpango wa 1947 uliokufa hata magunia hayajajaa, wakatuachia namba za mashamba na reli ya kwenda bandari ya Mtwara, na reli yenyewe ikaja kung'olewa. Moja ya hizo namba ni 17. Hapo Farm 17 ndipo Frelimo walipopewa kambi, miaka ya sitini, baada ya kuanzia Kongwa kule Dodoma. Siku hizi kuna sekondari. Watoto wako watakaa na watoto wenzao kwenye ardhi ambayo Samora Machel, kiongozi wa Frelimo, alifundishia vita.

Sisi wadogo saa tulikuwa hatuna. Wale vijana walikuwa wanapita alfajiri wanakimbia, wanaimba, na mama akisikia wimbo wao ndo anachochea moto. Wengi wao Kiswahili kama sisi, maana ni Wamakonde wa ng'ambo. Alikuwepo mmoja mteja wa mama wa ming'oko, vile viazi vya porini, mkono wa kushoto hana vidole viwili, hela anaipokea kwa kiganja anaibana na kifua. Hakusema ilikuwaje na mama hakumuuliza hata siku moja, alikuwa anamuongezea tu mng'oko mmoja juu. Walioumia sana walipelekwa Mtwara mjini, Frelimo walikuwa na hospitali yao huko, Dr. Américo Boavida, waliipa jina la daktari wa Angola aliyekufa vitani 1968. Waulize wanafunzi wako wangapi wameshaisikia hiyo hospitali, na ni mjini kwao.

Halafu 1975 kuna asubuhi wimbo haukupita. Mama akachelewa kuchochea moto, tukaenda shule bila uji. Walikuwa wamekwenda kwao kuchukua nchi yao.

Ukija nitafute, wazee wa rika langu tumebaki wachache lakini tupo, na hatutaki posho. Soda tu inatosha, na isiwe ya moto.

Dereva Kipara

Shikamoo mzee, hiyo ya uji imeniingia.

Ticha mimi naendesha basi la kukodi, shule nimebeba nyingi kwaiyo ngoja niseme ya barabarani. Ukitoka Mtwara anza na Naliendele hapo hapo, kuna makaburi ya wanajeshi wetu waliokufa kwenye ukombozi wa Msumbiji, panatunzwa na jeshi kwaiyo barua itangulie, usifike na watoto getini ukaanza kupiga simu. Halafu shika Mnazi Mmoja, kata kushoto njia ya Masasi. Kabla ya Ndanda unapita Nyangao, na jirani ya hapo ni Mahiwa, watu wanapita spidi mia hawajui Oktoba 1917 palipigwa vita siku nne Mwingereza na Mjerumani, na waliokufa wengi weusi wenzetu, Wanaijeria wameletwa na meli kuja kupigana na askari wa Mjerumani ambao nao ni Waafrika, na wapagazi ndo usiseme. Baada ya hapo Mjerumani akakimbilia Msumbiji, akavuka Ruvuma pale pale Negomano, ng'ambo ya Mtambaswala, lilipo daraja la leo. Mimi historia sijasoma sana ila nilimbeba mwalimu mmoja mzungu akanieleza njia nzima, nikaona aibu kwamba nimepita hapo miaka 12 najua tu matuta.

Lala Nachingwea, kesho yake shuka Masasi, Mangaka, Mtambaswala, rudi ulale Masasi, siku ya tatu nyumbani. Usiku usitembee na wanafunzi, nakataa hata uniongezee hela. Basi likaguliwe na trafiki kabla, kibali cha kukodi cha LATRA, mamlaka ya usafiri wa ardhini, kiwepo, na kibali cha mkurugenzi kupitia afisa elimu kiwe kwenye faili na sio kwenye simu.

Kuhusu huyo mtoto wako. Mwaka juzi nilibeba timu ya mpira ya shule, tairi la nyuma likapasuka tukiwa tumekaribia Nanyamba, paah! Watoto wote wakacheka wakapiga kelele. Nikaangalia kwenye kioo naona kiti kimoja kitupu. Kijana mmoja wa huko mtoni yuko chini ya viti, kajikunja, mikono iko shingoni, na mdomo ameuziba na jezi asitoe sauti. Miaka kama kumi na tano hivi. Mwalimu wao akamfokea eti acha utani. Nilitengeneza tairi dakika 40 na yule dogo hakutoka. Mwisho konda wangu akaingia akalala naye pale chini, wakawa wanaongea habari za Simba na Yanga mpaka tukaondoka. Kwaiyo mimi ningekuwa wewe ningejua kabla ya safari nani ni nani, na ningemkalisha mbele karibu na mlango.

Mama Wawili

Mimi ni mzazi, natokea kijiji kimoja kando ya Ruvuma, sitakitaja. Nimesoma yote mpaka hapo nikaona nisinyamaze.

Mwalimu nashukuru umeuliza, maana wengine hawaulizi. Kuna wageni waliwahi kuletwa kwetu, na gari mbili, wanataka kujifunza. Wakapiga picha ukuta wa duka la shemeji yangu uliokuwa umeungua, mmoja akasimama mbele yake kabisa akanyoosha vidole viwili. Kisha wakamuuliza mama mkwe ilikuwaje, hivyo hivyo, kama mtu anavyouliza bei ya dagaa. Mama mkwe akasimulia kwa adabu kwa sababu ni wageni, walipoondoka alikaa siku tatu hali chakula. Wao walituachia daftari na penseli.

Kwaiyo huku mtoni usilete watoto kutuangalia. Kama unataka wajue watu wanavyojiinua, njoo siku ya mnada wa korosho kwenye AMCOS ya jirani, chama cha ushirika cha wakulima, uone nani karudi shambani na nani bado anaogopa kwenda kuokota korosho za upande wa mto, hiyo inatosha na hakuna anayelizwa. Simu za watoto ziache shule.

Na huyo mtoto wako usimuulize darasani, wala usimuite ofisini maana wenzake watajua. Nenda kwao jioni, kaa na mzazi, mwambie mwanangu tunataka kwenda sehemu fulani na fulani, huko tutaongelea vita vya zamani, unaonaje. Yeye mwenyewe mtoto akisema haendi, asiende, na asitungiwe sababu mbele za watu. Akisema anaenda mpe kazi. Wangu wa kwanza alikuwa hivyo hivyo, mwalimu wake mmoja akampa kazi ya kushika saa na kuhesabu wenzake kila wanapopanda gari. Alirudi ananielezea Kilwa Kisiwani mpaka mimi nikasinzia, na zamani alikuwa haongei.

Msomi Uchwara

Kwani lazima vita? Si uwapeleke Mikindani wakaone boma la Mjerumani na bahari waoge warudi, michango midogo. Walimu mnapenda mambo magumu.

Mzee wa Nachingwea

Kijana, boma la Mjerumani umedhani lilijengwa kwa ajili ya watalii?

Ticha wa Kusini

Nimecheka na nimenyamaza humo humo. Asanteni sana, hasa Mama Wawili, na samahani kwa yaliyowapata na wale wageni, ningekuja vibaya hivyo hivyo nisingeuliza humu.

Nimekaa na akademiki jana. Ng'ambo tumefuta. Tunakwenda Naliendele, Nyangao tunashuka kidogo, tunalala Nachingwea, mzee nakutafuta na soda itakuwa ya baridi. Siku ya pili Mtambaswala upande wetu. Kidato cha tatu hawana mtihani wa taifa kwaiyo nimesogeza iwe Novemba mwanzoni, minada itakuwa imeshaanza, mzazi akilipwa korosho ndo anasikia habari ya mchango, kabla ya hapo ni kumuonea tu, na mvua kubwa haijashika. Nimewapa kazi ya nyumbani: kila mtoto amuulize mtu mzima mmoja kwao kuhusu miaka ya Frelimo, na aliyejibiwa sitaki kusema aandike hivyo hivyo, alama anapata sawa na wengine.

Kwa yule mtoto nimeenda juzi jioni. Baba yake alikuwa anaparua ua, tukaongea habari za mvua kama saa nzima hivi. Kijana alikuwa amekaa kwenye kinu anatusikiliza. Nilipoaga akanisindikiza mpaka barabarani akaniuliza, mwalimu, hilo daraja mtu akisimama katikati anakuwa nchi gani? Nikamwambia sijui, tutauliza. Hajasema anakwenda, hajasema haendi.

Hedi anataka tukodi Coaster moja ili bei ishuke. Dereva Kipara unasemaje?

Dereva Kipara

Coaster ina viti 29 ticha. Wewe una watoto 45 na walimu juu. Mwambie hedi wako aje inboksi nimuelezee mwenyewe, na ile siti ya mbele karibu na mlango naiweka wazi mpaka dogo aamue.